Kilichozamisha Mashua ya Korane

Galbet, Garissa
Jumapili, baada ya ibada

Kwa dada yangu mpendwa Abigael,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na Gathoni na mdogo wake, nikitumaini barua hii itawakuta mna nguvu, na kwamba mvua ya huko Kerugoya inanyesha kwa adabu kuliko yetu. Mgongo wako unaendeleaje tangu mazishi? Mama alinipigia akasema huli vizuri, na kwamba unalala na viatu miguuni kama mtu anayengoja kuitwa. Nakuomba ule, na uvue viatu. Mimi ni mzima, ukiacha mkono wa kushoto ambao vidole viwili vimekataa kukunjika. Lakini kwa fundi wa umeme mkono wa kushoto kazi yake ni kushika tochi, kwa hiyo kazi haijasimama.

Najua umekasirika kwamba sikuja kumzika shemeji. Najua pia kwamba umeacha kupokea simu zangu, na hapo sikulaumu. Hata ungepokea, kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa huwa nashukuru na kunyamaza. Karatasi haina tabia hiyo. Isome hadi mwisho, ukiwa umekaa, na watoto wakiwa nje.

Kilichonifanya nishike kalamu ni Mzee Korane. Bado yuko seli. Wapelelezi wanasema aliwauzia majambazi mashua yake mwenyewe pamoja na shehena, na kwa kufanya hivyo akamuua shemeji Ndirangu. Wana maelezo yako uliyotia sahihi, kwamba mumeo alikwambia kwa simu kuwa anamwogopa Korane, ni mtu wa hila. Maelezo hayo ndiyo yanayoishikilia kesi, maana mengine yote ni uvumi. Wiki hii wanampeleka kortini, na mzee mwenyewe ana sukari na mguu unaooza. Watu wa hapa wanasema akipelekwa rumande hatarudi.

Jana mke wake, Lul, alikuja hapa kwangu na sahani ya wali na nyama ya mbuzi, kama alivyozoea kuniletea nilipokuwa nikifanya kazi kwao. Nilidhani ameniletea sumu, nikamwambia nimeshiba. Akakaa kwenye kreti la soda, akatazama mezani kwangu palipojaa nyaya, akasema maneno haya, nakuandikia kama yalivyotoka: "Mutuku, walaal, ndugu yangu, mimi siombi kitu kwako. Andikia dada yako tu. Ambia yeye bwana yangu ni mjinga ya mashua, lakini muuaji si yeye." Halafu akaniambia nile, akaondoka. Nyumba yake haina kioo hata kimoja kilichobaki dirishani, wamevunja vyote kwa mawe. Bado anapika na kugawa.

Sasa nikueleze mambo tangu mwanzo, maana wewe ulisikia vipande, na vile vya kwanza ulipewa na mtu mmoja.

Mto ulipofurika, barabara ya kwenda Madogo ilizama, na Garissa ikawa kisiwa chenye ofisi za serikali. Korane alikuwa na mashua ya mbao aliyoinunua zamani kwa ajili ya mashamba yake ya ndizi. Mimi ndiye niliyemfungia ndani yake injini ya dizeli ya pikapu iliyopinduka njia ya Liboi. Injini ilikuwa na stata yake ya kuiwasha na alteneta yake, kile kidude kinachozungushwa na mkanda na kurudishia betri umeme wakati injini inatembea. Mashua yenyewe ilikuwa inavuja. Kila mtu alijua inavuja. Ilihitaji kuvutwa juu na kuzibwa nyufa kwa kalafati, lakini huwezi kuvuta mashua juu wakati ndiyo barabara pekee ya mji. Kwa hiyo niliweka pampu ya umeme chini kabisa, ikawa inatema maji mchana kutwa. Maji yaliingia, pampu ikayatoa, alteneta ikailisha pampu. Mradi hivyo vitatu vilikuwa vinaelewana, mashua ilielea.

Umeme wa mji ulikuwa umekatika, basi watu wakagundua kwamba kwenye mashua yetu kuna umeme unaozalishwa bure. Wakaanza kuleta betri za nyumbani, zile za sola, wazipandishe upande huu, ziende Madogo na kurudi, zishuke zimejaa. Ilifika mahali betri zilikuwa nyingi kuliko abiria na zilikuwa na heshima zaidi, maana hazikugombania viti. Mimi nilizipanga nyuma karibu na injini na kuziunganisha kwa zamu. Nyaya zote, za pampu na za taa na za betri, zilipitia kwenye swichi moja kubwa yenye ufunguo mwekundu wa plastiki. Kila aliyekaa karibu na injini nilimwonya: usiguse kitu hiki chekundu injini ikinguruma. Ukiuchomoa ufunguo huo, alteneta inakosa pa kumwaga umeme wake, inajichoma yenyewe na kuchoma kila kilichofungwa nayo. Na injini ya dizeli haitakwambia. Inaendelea kunguruma tu, haihitaji umeme ikishawaka. Utadhani mambo ni shwari.

Shemeji alikuwa amefika mwezi mmoja kabla, kununua mbuzi. Alilala kwangu. Mbuzi aliowanunua walisombwa na maji usiku wa pili wa mafuriko, wote, na kamba zao. Sijui kama alikwambia. Alikaa siku nyingi mlangoni pangu akitazama barabara, hanyoi ndevu. Nilimhurumia, nikawa naenda naye kwenye mashua ili asirukwe na akili. Nikamfundisha kushika usukani na kuongeza na kupunguza mafuta. Alikuwa mwepesi kujifunza. Jioni tulikula pamoja, na mimi, kwa kuwa sina mke wa kunisikiliza, nilimweleza yeye kila kitu: kesho tunabeba nani, keshokutwa tunabeba nini.

Kisha wakaanza wale vijana wa Sakariye. Sakariye alikuwa kondakta wa basi kabla ya barabara kuzama, na naona hakupenda kukaa bila kazi. Kundi lake lilikuwa la kila kabila. Mambo yaliyowashinda wazee kwenye mikutano ya amani, wao waliyaweza kwa panga. Walianza na mitumbwi midogo. Mama mmoja wa mboga walimkata kidole kwa sababu pete haikutoka. Mwalimu mmoja walimpiga nondo hadi taya likahama, kisha wakamrudishia vitabu. Polisi walikuja, wakaandika, wakaomba tuwavushe.

Lililoshangaza ni kwamba walijua. Siku mashua ikiwa na abiria maskini hawakuonekana. Siku mtumbwi wa jirani ukibeba sukari, walikuwepo kabla ya sukari. Issack, mpwa wa Korane, ambaye ndiye aliyekuwa nahodha wetu, alisema lazima kuna mtu wa ndani anayewaita. Issack alikuwa kijana wa maneno mengi na mizaha. Aliniita "Mkamba wa maji" na kuniuliza kila asubuhi kama leo nitakufa nikiwa nimekula au njaa. Tulipoambiwa kwamba Ijumaa tutabeba unga na mafuta ya msaada kwa waliokwama upande wa Madogo, alitaka tuwadanganye watu kwamba ni Jumamosi. Korane alikubali. Kwa hiyo tuliojua ni Ijumaa tulikuwa Korane, Issack na mimi. Na shemeji, maana tulikula wote Alhamisi jioni, na mimi mdomo wangu unajulikana.

Ijumaa hiyo Korane hakupanda mashua. Kwa wapelelezi hilo ni jambo la kutiliwa shaka. Kwa Galbet nzima ni Ijumaa, na yeye alikuwa msikitini.

Tulitoka baada ya saa sita, jua kali, magunia yamepangwa hadi mashua ikawa na tumbo. Tulichukua na abiria wachache juu ya magunia: Fowsiya, anayeshona nguo hapa jirani, na mtoto wake mgongoni, wazee wawili, na vijana wanne waliosema wanakwenda kuzika. Hao wanne ndio waliokuwa majambazi, Sakariye akiwa mmoja wao, uso amejifunga kilemba. Shemeji alikaa nyuma karibu nami. Tulipofika katikati ya yale mashamba ya ndizi yaliyozama, Sakariye akasimama, akavua koti, akatoa panga kwa utaratibu kabisa kama anayetoa tikiti.

Issack alikataa kuachia usukani. Alimwambia Sakariye kwa Kisomali jambo ambalo sikulielewa lote, lakini lilikuwa na mama yake Sakariye ndani yake. Sakariye akamkata begani. Issack hakuachia. Nilikwenda kumshika Issack, nikapigwa nondo mkononi, ndipo vidole vikaenda. Sakariye akamkata tena, shingoni, na Issack akaachia, akaketi kwenye gunia la unga, na unga ukawa mwekundu. Alinitazama. Nilidhani atasema mzaha. Wawili wakamshika miguu na mabega, wakamtupa majini angali anapumua. Nilisikia akikohoa upande wa pili wa mashua, mara mbili tatu, kisha nikasikia injini tu. Fowsiya alikuwa amemfunika mtoto uso kwa buibui na yeye mwenyewe anatazama mbele moja kwa moja, hapepesi macho.

Baada ya hapo Sakariye alimshika shemeji na kumwekea panga shingoni, akatangaza kwamba huyu mfanyabiashara anabaki nao awaendeshee mashua, wengine tushuke juu ya paa la nyumba ya pampu ya shamba lililokuwa limechomoza majini. Hicho ndicho walichokiona Fowsiya na wale wazee. Hicho ndicho kilichosimuliwa mazishini, kwamba Ndirangu alibaki mikononi mwa wauaji ili wao washuke salama, na mchungaji akakijengea mahubiri. Mama alinisomea kwa simu kiasi fulani. Yalikuwa mahubiri mazuri.

Mashua ilizama muda mfupi baadaye, kwenye kona ya chini. Tuliiona kutoka kwenye paa. Watatu kati yao walikufa, Sakariye akiwa mmoja wao, na shemeji wa nne. Mmoja aliogelea akafika ukingoni. Huko vijana wa Galbet walikuwa wameshauona mwili wa Issack ukipita, na walimngojea. Walimpiga kwa mawe, kisha wakaleta tairi. Kabla ya kunyamaza alipiga kelele kwamba mtu wetu wa ndani ndiye aliyewaita. Hakuulizwa jina, mikono ilikuwa na haraka kuliko masikio. Polisi walipofika hakukuwa na wa kuhojiwa, kulikuwa na moshi. Ndipo watu wakajiuliza ni nani wa ndani, wakakumbuka kwamba mwenye mashua hakuwamo ndani ya mashua, na mawe yaliyobaki wakayapeleka kwa Lul. Mama yake Issack, ambaye ni dada wa Korane wa tumbo moja, ndiye aliyerusha la kwanza.

Dada, mpaka hapa nimekuandikia yale ambayo wengine pia waliyaona. Sasa nakuandikia yale niliyoyaona peke yangu, kwa sababu nilikuwa nyuma, kando ya injini.

Panga lililowekwa shingoni mwa shemeji liliwekwa kwa bapa. Mimi hutazama vitu kama hivyo, ndiyo kazi yangu, kutazama waya umekaa upande gani. Na shemeji hakutoka jasho. Abiria walipokuwa wanashushwa kwenye paa, Sakariye aliinama akamuuliza kwa sauti ya chini ni kona ipi, na shemeji akamjibu, ile ya kushoto yenye mti mkubwa, gari liko pale. Alijibu kama mtu aliyeulizwa saa. Kisha Sakariye akanionyesha mimi kwa kidevu na kusema huyu fundi amesikia, akainua panga. Shemeji akamshika mkono. Alisema, "Huyu muache. Ni ndugu ya mke wangu. Nitarudi nyumbani nikamwambie nini?"

Hayo ndiyo maneno yake, Abigael. Alikuwa ameshanitazama nikipigwa nondo na hakusema neno, na alikuwa ametazama Issack akitupwa. Lakini mimi aliniokoa. Nipo hai ninakuandikia kwa sababu mumeo alikukumbuka wewe. Na alipokwambia kwa simu kwamba anamwogopa Korane, alikuwa anamtayarisha mtu wa kubeba lawama. Hakuwa na hofu yoyote. Alikuwa amekula kwa Korane mara nyingi kuliko mimi.

Sakariye aliniambia nishuke. Nilimwambia shemeji kwamba mkanda wa injini umelegea, nimkazie kidogo kabla sijashuka, asije akakwama njiani. Alinishukuru. Aliweka mkono begani mwangu. Niliinama nyuma ya sanduku la betri, na kwa mkono ulio mzima nikachomoa ufunguo mwekundu injini ikinguruma. Nilisikia harufu ya alteneta ikijichoma, harufu kama ya plastiki na nywele. Nikaweka mkono juu ya bomba la pampu: halikutema tena. Juu yake magunia ya unga yalikuwa yamefunika sakafu yote, hakuna ambaye angeyaona maji yakipanda. Nikasimama, nikamwambia iko tayari. Nikashuka kwenye paa na ufunguo mfukoni.

Nilijua ninachokifanya. Sitaki useme nilichanganyikiwa kwa ajili ya Issack, au kwamba mkono uliniuma. Ningeweza kumnong'oneza. Alikuwa karibu nami hivi, angeweza kuruka akashuka nasi, na wale wanne wangekwenda kuzama peke yao. Nilifungua mdomo kumwambia, nikakumbuka Issack akikohoa, nikaufunga. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu nimeweza kutunza siri.

Tulisimama kwenye paa tukiisikiliza injini ikienda zake, inanguruma vizuri kabisa. Kwenye kona mashua ilikuwa nzito, pua imezama. Maji yalipofika kwenye mkanda injini ikakohoa na kuzima. Nilimwona akishika swichi ya stata, anabonyeza, anabonyeza tena, kisha anainama kutafuta ufunguo mahali nilipomfundisha kwamba upo. Akainuka akageuka kututazama paani. Ilikuwa mbali, siwezi kukwambia uso wake ulikuwaje. Fowsiya alianza kumwombea kwa sauti. Kisha magogo yaliyokuwa yakija na maji yakaipiga mashua ubavuni ikalala, na shemeji, unavyojua, hakujua kuogelea.

Kesho asubuhi naenda kituoni kuandika maelezo. Fowsiya nimemwambia leo, yeye peke yake. Aliniuliza kama nina mtu wa kunipelekea chakula huko ndani. Nikikiri ufunguo tu, bado wataniuliza nani aliwaita majambazi, na Korane hatatoka mpaka jina la kweli litajwe. Nimelizunguka jambo hili kila upande kama injini iliyokataa kuwaka, nikitafuta mahali ambapo Korane anatoka na Ndirangu anabaki shujaa. Hapapo. Mume nilishakunyang'anya, kesho nitakunyang'anya na marehemu.

Sikuombi unisamehe, wala sikuombi ufute maelezo yako kwa ajili yangu. Wapelelezi wakikupigia, waambie ulichosikia na nani alikwambia, basi. Watoto waambie wewe, kabla hawajaambiwa shuleni. Na yale maneno yake ya mwisho kunihusu, uyaweke. Ni ya kweli na ni yako, hakuna atakayekuja kuyaandikia maelezo.

Nisalimie Mama, umpoze. Nisalimie Gathoni na mdogo wake, na majirani wa hapo sokoni wanaonikumbuka. Barua hii ataichukua mwalimu mmoja wa huko kwenu anayerudi likizo, atakukabidhi mkononi. Ukitaka kujibu, mpe Lul, nyumba ya kijani nyuma ya msikiti wa Galbet. Amesema ataniletea nitakakokuwa. Hajui bado ni nini alichoahidi. Nikimaliza kutia sahihi hapa naenda kumwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Mutuku